Nani Anaipima Nyanya ya Soko la Karatu?

Mkoa wa Arusha una mboga za aina mbili, na tofauti yao haimo katika mbegu wala katika udongo. Zipo zinazolimwa ili zipande ndege: maharage machanga, njegere za maganda, mboga changa zinazopangwa katika visanduku na kufika Ulaya kabla hazijanyauka. Hizo zina daftari la shamba linaloonyesha ni kiuatilifu gani kilipulizwa, kwa kipimo gani, siku ngapi kabla ya kuvuna. Zina mkaguzi. Zina maabara. Na zipo nyingine, nyingi kuliko hizo kwa mbali, zinazopakiwa kwenye matenga na viroba, zikashushwa alfajiri katika soko la Karatu, la Mto wa Mbu, la Kilombero pale Arusha mjini au Kariakoo, na ikifika jioni zimekwisha kuwa mchuzi na kachumbari. Hizi za pili ndizo tunazokula wewe na mimi, na ndizo ninazotaka tuzizungumze.

Mkulima wa mboga za Ulaya si mcha Mungu kuliko jirani yake. Anaandika daftari kwa sababu upande wa pili wa bahari kuna sheria yenye meno. Kanuni namba 396 ya mwaka 2005 ya Umoja wa Ulaya inaweka, kwa kila kiuatilifu na kila zao, kiwango cha juu cha mabaki kinachoruhusiwa katika chakula. Na pale ambapo hakuna kiwango maalumu kilichopangwa, kinachotumika ni miligramu 0.01 kwa kilo. Tuitafsiri namba hiyo kwa lugha ya Mang'ola: ni miligramu moja katika kilo mia moja za vitunguu, yaani chembe moja ndogo katika gunia zima (gunia halali, si lumbesa). Majirani zetu wa Kenya waliionja sheria hiyo mwaka 2013, pale maharage na njegere zao zilipoanza kukaguliwa kwa wingi mipakani mwa Ulaya, shehena moja katika kila kumi, kwa sababu ya mabaki ya viuatilifu. Wakulima, wasafirishaji na wakaguzi wa serikali wakalazimika kujipanga upya. Lakini angalia kilichowaamsha. Hakikuwa kilio cha mlaji wa Nairobi aliyekuwa akila maharage ya mashamba ya nchi hiyo hiyo miaka yote. Aliyewaamsha ni mlaji wa London na Amsterdam.

Sisi nasi tumerithi mpangilio huo huo wa thamani ya matumbo, na tumeuzoea kiasi kwamba hauonekani tena kuwa ni uamuzi wa kisiasa. Ni uamuzi wa kisiasa.

Tuanze na ramani. Ukitoka Karatu mjini kuelekea kusini-magharibi unateremka hadi bonde la Ziwa Eyasi, ambako maji ya chemchemi yatokayo chini ya nyanda za juu za Ngorongoro yameigeuza nchi kame ya Mang'ola kuwa shamba la vitunguu lisilolala. Vitunguu hivyo vinajulikana Dar es Salaam na vinajulikana Nairobi. Juu, kwenye baridi ya Rhotia, Oldeani na Mbulumbulu, kuna ngano, shayiri, maharage, mbaazi na kahawa, na kandokando ya kila kijito kuna bustani za nyanya, kabichi, karoti na sukuma wiki. Barabara kuu imezungukwa na hoteli za watalii, na mbele yake ni lango la Loduare, la kuingilia Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Kwa hiyo Karatu ni jiko. Inamlisha mwanafunzi wa sekondari ya kata, mgonjwa wa hospitali, mtalii aliyelipa dola mia kadhaa kwa usiku, askari wa hifadhi na mfugaji wa Nainokanoka, wote kutoka katika matenga yale yale.

Kitunguu kina maadui wawili wakubwa: thripsi, kidudu chembamba kinachojificha ndani kabisa ya makutano ya majani, na ugonjwa wa ukungu unaoacha baka la zambarau. Thripsi huzaliana haraka wakati wa joto, hukaa pasipofikiwa na maji ya bomba, na hujenga usugu. Mkulima anapuliza, asipoona matokeo anaongeza kipimo, kisha anachanganya viuatilifu viwili au vitatu ndani ya bomba moja la mgongoni, akitumaini kwamba kimoja kikishindwa kingine kitamaliza kazi. Nyanya ina hadithi yake ya bakajani, kantangaze na inzi weupe, na mwisho wake ni ule ule.

Neno rasmi ni kiuatilifu. Neno la shambani ni dawa, na mimi nashuku kwamba sehemu kubwa ya tatizo letu imejificha katika neno hilo. Dawa huponya. Dawa ikiongezwa, kwa akili ya kawaida, huponya zaidi. Hakuna mzazi anayemkataza mtoto kusimama karibu na dawa kama anavyomkataza kusimama karibu na sumu. Muuzaji wa pembejeo anasema dawa, bwana shamba anasema dawa, tangazo la redio linasema dawa, halafu wataalamu tunajifungia ukumbini na kushangaa kwa nini mkulima hana hofu.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana sitaki kuandika makala ya kutisha watu kwa hisia. Mwaka 2007 Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Walikuta aina 41 za viuatilifu zikitumika. Takribani theluthi moja ya wakulima walikuwa wakipuliza mchanganyiko. Asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupuliza kwa kawaida tu, bila ajali yoyote. Na jambo ambalo kila ofisa wa kilimo anapaswa kulisoma mara mbili: wakulima hao hawakuwa wakipata huduma ya ugani, hivyo walijitafutia njia zao wenyewe.

Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 2020, Jones Kapeleka na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS ONE matokeo ya sampuli 613 za matunda na mboga za wakulima wadogo wa Tanzania. Asilimia 47.5 ya mazao yaliyopimwa yalikutwa na mabaki. Katika mabaki yaliyogunduliwa, asilimia 74.2 yalikuwa juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Mazao yaliyovuka kiwango mara nyingi zaidi yalikuwa nyanya, vitunguu, matikiti, matango, chainizi na pilipili hoho. Soma tena orodha hiyo: ukiondoa tikiti, hiyo ni bakuli la kachumbari na chungu cha mchuzi. Miongoni mwa kemikali zilizovuka kiwango zilikuwamo klopirifosi, profenofosi na permethrini, na zilikuwamo pia endosulfani na dieldrini, ambazo dunia imekubaliana kuziondoa kupitia Mkataba wa Stockholm, dieldrini tangu orodha ya mwanzo kabisa na endosulfani tangu 2011.

Hapa mhadhiri lazima aingilie kati mwanaharakati. Kuvuka kiwango cha mabaki hakumaanishi kwamba aliyekula ile nyanya atalazwa kesho. Kiwango hicho hupangwa kwa kuangalia matumizi sahihi shambani, na kina nafasi ya usalama ndani yake. Dieldrini inaweza kukaa udongoni miongo mingi, kwa hiyo kuikuta katika zao hakuthibitishi kwamba mkulima aliinunua msimu uliopita. Nayasema haya kwa sababu hoja yangu haihitaji chumvi. Kuvuka kiwango kunaeleza jinsi kiuatilifu kilivyotumika: kwamba kilizidishwa, au kilitumika katika zao ambalo hakikusajiliwa kwalo, au siku za kusubiri kabla ya kuvuna hazikuheshimiwa. Na robo tatu ya mabaki kuvuka kiwango si bahati mbaya ya mkulima mmoja mzembe. Huo ni mfumo unaofanya kazi jinsi ulivyoachwa ufanye kazi.

Tena zipo kemikali ambazo nafasi ile ya usalama imeshakataliwa. Agosti 2019 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema haiwezi kutaja kiwango chochote cha klopirifosi ambacho ni salama kwa binadamu, kwa sababu ya wasiwasi juu ya vinasaba na juu ya ukuaji wa ubongo wa mtoto. Umoja wa Ulaya ukakataa kuihuisha Januari 2020. Kiuatilifu hicho kiko katika matokeo yetu, katika nyanya zetu, mwaka huo huo.

Watu huniambia, "Mwalimu, tunaosha." Kuosha ni kuzuri, hasa kwa kuwa utafiti ule ule ulikuta bakteria katika asilimia 63.2 ya sampuli zilizopimwa upande huo. Ule unga mweupe juu ya nyanya, ambao wengi wetu tumeuzoea kiasi cha kuudhania ni vumbi, kwa kiasi fulani hutoka kwa maji na kitambaa. Lakini viuatilifu vinavyofyonzwa na mmea hupanda pamoja na utomvu na kukaa ndani ya nyama ya tunda. Hakuna bomba la maji linaloosha ndani ya nyanya.

Basi kinachobaki ni kupima. Na kupima si uchawi. Unachukua sampuli ya kilo moja au mbili, unaikatakata, unaisaga hadi iwe uji, unachota gramu kumi, unatia kiyeyushi cha asetonitrili pamoja na chumvi maalumu, unatikisa, unazungusha kwa kasi katika mashine hadi vitengane, unasafisha kile kimiminika cha juu, kisha unakiingiza katika mashine ya kromatografia iliyoungwa na spektrometa ya masi, ambayo inatenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wa vipande vyake. Njia hii ya maandalizi ilichapishwa mwaka 2003 na imeenea duniani kwa sababu ni ya haraka na nafuu ikilinganishwa na zilizoitangulia. Kwa sampuli moja iliyoandaliwa unaweza kutafuta mamia ya kemikali kwa mkupuo. Kinachohitaji nidhamu ni mambo ya kawaida kabisa: sampuli ichukuliwe bila upendeleo, iandikwe imetoka wapi na lini, iwekwe kwenye baridi, ifike mapema.

Je, nchi haina maabara? Inayo. Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, ndiko yalipo makao ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa TPRI. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara zake. Shirika la Viwango lina zake. Chuo cha Nelson Mandela kiko Arusha hapo hapo. Kutoka soko la Karatu hadi Ngaramtoni ni lami tupu, kupitia Mto wa Mbu na Makuyuni. Gari la halmashauri likiondoka na sanduku la barafu alfajiri, kabla ya saa sita mchana sampuli iko mezani. Halmashauri zetu husafiri mbali zaidi ya hapo kwenda kwenye semina.

Tatizo liko kwenye swali la nani anawajibika. Hadi katikati ya mwaka 2019 usalama wa chakula ulikuwa mikononi mwa TFDA, ile iliyojulikana kwa jina lenye chakula na dawa ndani yake. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikahamishia chakula Shirika la Viwango, na iliyobaki ikawa mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mwaka uliofuata viuatilifu vikapata mamlaka yao mpya. Kwa hiyo nyanya ikiwa shambani na bomba likiwa mgongoni, ni jambo la Wizara ya Kilimo. Nyanya ikishafika mezani pa muuzaji, ni chakula, na chakula ni cha viwango na biashara. Ikishamdhuru mtu, ni Wizara ya Afya. Na soko lenyewe, paa lake, choo chake na ushuru wake, ni mali ya halmashauri iliyo chini ya TAMISEMI. Nyanya moja inapita katika wizara nne kwa siku mbili, na katika safari hiyo yote hakuna mtumishi hata mmoja ambaye tathmini yake ya kazi ya mwaka inamuuliza: ulipima nyanya ngapi?

Ofisa mmoja wa umma, ambaye sitamtaja yeye wala ofisi yake, aliniambia kwa upole kwamba vipimo hufanywa lakini matokeo "ni ya ndani". Nilimuuliza ndani ya nini. Akacheka, nami nikacheka, tukaagana vizuri. Lakini swali langu halikuwa la mzaha. Mabaki yale yamo ndani ya damu ya mlaji. Ikiwa kuna taarifa ya ndani kuliko hiyo, nioneshwe.

Nafahamu jibu ambalo ndugu zangu wa serikalini wanaliandaa wakati wanasoma mstari huu, kwa sababu nimelisikia katika kila warsha: tunaendelea kutoa elimu kwa wakulima. Sina ugomvi na elimu; ndiyo inayonipa ugali. Lakini "kutoa elimu" katika utawala wetu limekuwa jina la heshima la kutofanya kitu. Ni njia ya kumhamishia mkulima lawama za mfumo mzima. Mkulima mmoja wa nyanya pale Rhotia aliniuliza: "Mwalimu, dalali akija leo na gari lake, nimwambie arudi baada ya siku saba?" Yule bwana anajua kusoma. Kibandiko cha kopo anakielewa. Anafahamu siku za kusubiri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Anachokosa ni uwezo wa kusubiri: hana ghala la baridi, hana mkataba, hana mnunuzi wa pili, na bei ya leo haitakuwapo kesho. Tena anajua kwamba jirani yake aliyepuliza jana atauza leo kwa bei ile ile, na hakuna mtu sokoni atakayetofautisha tenga lake na la jirani. Katika soko lisilopimwa, mkulima mwaminifu analipa gharama ya uaminifu wake peke yake. Kumpa mtu huyo semina nyingine na posho ya nauli ni kumdhihaki.

Tuzungumze pesa, maana hoja ya gharama nayo iko njiani. Pale Mang'ola gunia la kitunguu haliondoki bila serikali kulijua. Kuna geti, kuna kijana mwenye mashine ya POS, kuna risiti. Ushuru wa mazao, baada ya kupunguzwa mwaka 2017, ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Halmashauri inaweza kukwambia idadi ya magunia yaliyopita getini mwezi uliopita, kwa tarehe. Dola hiyo hiyo yenye uwezo wa kulihesabu kila gunia kwa ajili ya mapato haijapata uwezo wa kufungua gunia moja katika elfu kwa ajili ya afya. Wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa wakiniuliza tofauti ya dola inayokusanya na dola inayolinda, sina tena haja ya kuwapeleka kwenye vitabu. Nawaambia wapande basi la Karatu, washuke Barazani, wakae karibu na geti kwa saa mbili.

Na sasa Ngorongoro, ambako jambo hili linakuwa zito kuliko kote. Wakazi wa Eneo la Hifadhi walizuiwa kulima mwaka 1975. Mwaka 1992 wakaruhusiwa bustani ndogo za kujikimu. Mwaka 2009 wakazuiwa tena. Sitaki leo kujadili kama katazo lile ni halali kiikolojia, wala suala la kuhamia Msomera, ambalo lina makala yake. Nataka tu msomaji afuate hatua moja inayotokana na katazo lenyewe. Mama wa Kimaasai anayeishi Endulen au Nainokanoka hana ruhusa ya kupanda mche wa sukuma wiki nyuma ya boma lake. Kila jani, kila nyanya, kila kitunguu anachompa mtoto wake kimenunuliwa, na kwa sehemu kubwa kimepandishwa kutoka Karatu. Mkulima wa Karatu anaweza, na wengi hufanya hivyo, kutenga tuta moja la nyumbani asilolipuliza. Mwalimu wa Arusha anaweza kupanda mchicha kwenye ndoo. Mama wa Endulen hawezi hata hilo. Serikali imemwondolea uwezo wa kujilimia chakula chake na kumfanya mteja wa lazima wa soko. Ikishafanya hivyo, jukumu la kulipima soko hilo linakuwa deni, na deni hilo halijaanza kulipwa.

Chini ya bonde, kando ya Eyasi, wako Wahadzabe, ambao asali ni sehemu kubwa ya chakula chao. Nyuki hawasomi mipaka ya mashamba. Anayepima kitunguu cha Mang'ola bila kupima asali ya jirani yake na maji ya mfereji unaotoka shambani atakuwa amefanya nusu ya kazi, tena nusu inayowahusu wenye sauti.

Hoja ya mwisho ya wapinzani wangu ndiyo ninayoiheshimu zaidi: kwamba kutangaza matokeo kutazua taharuki, bei itaanguka, na atakayeumia ni yule yule mkulima mdogo ninayedai kumtetea. Ni kweli taharuki inaumiza. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, na kwa siku kadhaa malori yalisimama Namanga huku wafanyabiashara wakihesabu hasara. Lakini tujifunze vizuri kutokana na tukio lile. Tuliumia kwa sababu jirani alizungumza kwa jina la vipimo vyake na sisi hatukuwa tumekwisha kuweka vyetu mezani mbele ya umma. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2016, sumukuvu hiyo hiyo iliwaua watu 20 kati ya 68 walioripotiwa kuugua Dodoma na Manyara. Kwa familia zile, taharuki lingekuwa jambo dogo.

Taharuki huzaliwa pale taarifa inapotoka mara moja katika miaka kumi, tena kwa kuvuja. Ikitoka kila msimu inakuwa habari ya kawaida kama bei ya petroli. Marekani imekuwa ikipima mabaki katika vyakula vya sokoni na kuchapisha matokeo kwa mpango maalumu tangu 1991, na Wamarekani bado wanakula nyanya. Thailand, nchi ya wakulima wadogo kama sisi, ina mtandao wa kiraia uitwao Thai-PAN unaonunua mboga sokoni na madukani, kuzipeleka maabara, na kutangaza matokeo hadharani, na wizara zimelazimika kujibu. Taiwan ilibuni tangu 1985 kipimo cha haraka cha kimeng'enya kinachoweza kufanyika hapo hapo sokoni kwa muda mfupi. Kipimo cha namna hiyo kina mipaka: kinaona oganofosfeti na kabameti, hakioni permethrini wala mankozebu. Lakini katika utafiti wetu wa 2020 oganofosfeti ndizo zilizotawala kuliko kundi lolote. Ofisa afya mmoja aliyefundishwa kwa wiki moja, akiwa na meza, friji na vipimo hivyo, angeweza kuchuja matenga ya asubuhi pale Karatu na kupeleka Ngaramtoni yale tu yanayotia shaka.

Wala sidai mkulima afungwe. Matokeo yatangazwe kwa jina la soko, zao na mwezi, bila jina la mtu. Kinachotakiwa kufuatiliwa kwa jina ni kiuatilifu: nani aliingiza, nani alisajili, nani alikigawa katika chupa za soda zisizo na kibandiko na kumuuzia mkulima kwa vipimo vya kifuniko. Huko juu ya mnyororo ndiko kwenye faida kubwa, na kwa mshangao wa kila mtu ndiko semina za elimu hazifiki.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya mambo muhimu kwa maisha yake, na Ibara ya 14 inalinda maisha yenyewe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia njia ya kuomba kwa maandishi, na inaitaka ofisi inayoombwa ijibu ndani ya siku 30. Wanafunzi kumi na mmoja wa semina yangu ya sera za umma wameandika barua ya ukurasa mmoja. Nakala moja inakwenda Ngaramtoni, moja Shirika la Viwango, moja kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Karatu na moja kwa mwenzake wa Ngorongoro. Haina maneno makali. Inauliza ni sampuli ngapi za mboga na matunda zilizochukuliwa katika masoko ya wilaya hizo mbili katika misimu mitatu iliyopita, za mazao gani, zilipimwa wapi, ngapi zilivuka kiwango na kwa kemikali ipi, na ni hatua gani ilifuata. Inauliza pia ni kiasi gani cha ushuru wa vitunguu kilichokusanywa Mang'ola katika misimu hiyo hiyo. Itapelekwa kwa mkono Jumatatu, na kila ofisi itagonga muhuri wa kupokea juu ya nakala yetu. Walioko Lushoto, Babati na Iringa wanaotaka kuitumia wabadilishe majina ya wilaya tu. Mengine yanafaa kama yalivyo.